Kikao cha Tatu cha Mama Swali

Karani wa baraza alikuwa na siku tisa hajasalimiwa na wifi yake. Hata mumewe alimgeuka. Anakula kimya, akimaliza anashukuru kama mpangaji. Na yote hayo kwa sababu ya sahihi moja.

Wifi mwenyewe ni diwani. Mji mzima unamwita Mama Swali, maana hajawahi kuketi kikaoni akaondoka bila kuuliza. Sasa kiti chake kilikuwa hatarini. Sheria iko wazi: diwani akikosa vikao vitatu mfululizo bila ruhusa ya maandishi, anavuliwa udiwani. Viwili alikosa kweli. Alikuwa amelazwa, na katika homa ile nani angekumbuka kuandika barua? Cha tatu alikuja. Akauliza gari la baraza linabeba matofali ya nyumba ya nani, na Mwenyekiti, ambaye nyumba ilikuwa yake, akamwamuru atoke nje. Akatoka, na kitabu cha mahudhurio hakukisaini.

Balaa lilianzia hapo, na mwenye balaa ni karani. Zamani madiwani walisaini wakiingia, kisha wanayeyuka mmoja mmoja. Kikao kinaanza na watu ishirini, kinafungwa na sita na mlinzi. Karani akachoka. Akaanzisha utaratibu wake: kitabu anakaa nacho yeye, na sahihi inatiwa kikao kikishafungwa. Walimnunia mwaka mzima, mwisho wakazoea. Loo, angejuaje kwamba mtego huo utamnasa dada wa mumewe?

"Wifi yangu, nafasi yangu kitabuni bado iko wazi," Mama Swali alimwambia jikoni, siku barua ya mashtaka ilipofika. "Niletee kitabu nisaini. Nilikuwepo, uliniona kwa macho yako. Uongo uko wapi hapo?"

"Ulikuwepo, lakini hukusaini siku ile. Nikikuletea leo, hicho si kitabu tena."

"Haya. Lala nacho."

Akaondoka, chai hakuigusa. Tangu hapo ni kununiana tu.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Aliyeletwa kusikiliza ni mwanasheria mmoja, mwanamama mwenye sauti ndogo na kikohozi. Karani aliketi mbele, kitabu cha mahudhurio pajani na daftari lake la mkono juu yake. Daftari hilo ndilo tegemeo lake lote. Humo huandika kila kinachosemwa kikaoni, hata matusi.

"Kumbukumbu zilizochapwa hazisemi kwamba diwani alitolewa nje," mwanasheria alisema. "Daftari lako linasema. Kwa nini?"

"Kabla sijachapa, Mwenyekiti huniambia niondoe magomvi."

Watu wakacheka chini chini. Mwenyekiti akasimama, shingo imemtoka mishipa. "Huyu ni wifi yake! Hayo ameyaandika juzi, nyumbani kwao. Na mimi si mtoto. Nilijua watachezea rekodi, kwa hiyo jioni ile ile, nilipoletewa kitabu nisaini, nilitoa nakala ya ukurasa wa mahudhurio. Hii hapa. Linganisha na kitabu, uone walichofanya."

Karani alikishika kitabu kwa mikono miwili. Nakala! Siku zote hizo mtu huyu alikuwa nayo, anasubiri. Upande wa pili Mama Swali alijiziba mdomo kwa kiganja.

Mwanasheria akaweka nakala kando ya kitabu. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akakohoa, akarudia tena.

"Nakala ina nafasi tupu," alisema. "Kitabu nacho kina nafasi tupu. Mwenyekiti, tangu jioni ile kitabu hiki alikuwa nacho nani?"

"Yeye."

"Basi umenisaidia. Anayetaka kumbeba wifi yake kwa uongo angeanzia hapa. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Hakupagusa. Kwa hiyo namwamini, na daftari lake naliamini. Sheria inasema kukosa kikao, haisemi kukosa sahihi. Na asiyekuwepo haamriwi kutoka. Diwani anabaki na kiti chake."

Ukumbi ukalipuka. Karani hakusikia vizuri, maana masikio yalikuwa yanavuma. Alijikuta amefika kwenye korido, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka na wala haoni haya. Mzigo wa siku tisa ulikuwa umemshuka mara moja.

Mama Swali akamfuata polepole, kilemba kimelala upande. Akasimama mbele yake.

"Kumbe nakala alikuwa nayo mfukoni," alisema.

"Alikuwa nayo."

"Ningesaini, wangeniondoa kwa kughushi."

"Na mimi nyuma yako. Na safari hiyo wangekuwa na haki."

Mama Swali akateleza ukutani mpaka sakafuni, akaketi, akamvuta karani naye aketi. Madiwani wakawa wanawaruka wakipita. "Wifi," alisema, "nilikuja jikoni kwako kujichimbia kaburi, nikakununia kwa kuninyima jembe."