Chumba Kinachomngoja Mgeni Rasmi

Kwa wiki tatu nilishinda kwenye korido ya jengo la kemia, nikitazama wanafunzi wanavyosoma. Hawakuwa na pa kukaa. Walizunguka soketi moja sakafuni, wengine wakabanana kwenye madawati mabovu manne yaliyotupwa pale, wakibishana, wakifundishana, wakitaniana. Mdogo wangu wa kike alikuwa mmoja wao. Bwenini walilala sita chumba kimoja, na mtihani wake wa marudio wa hesabu ulikuwa unamngoja. Akifeli, ndiyo basi, anaondoka chuo.

Nikachora chumba cha kujisomea, kama chuo kilivyoniagiza. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu usanifu majengo. Meza za duara, ubao wa ukuta mzima, soketi kila kiti, dirisha pana. Ili nafasi ipatikane, ilibidi korido izibwe na madawati yaondolewe. Mchoro ule niliutia saini mwenyewe.

"Sasa kaka, mkijenga sisi tutasomea wapi?"

"Vumilia wiki sita tu, mdogo wangu. Utabaki na mwezi mzima kabla ya mtihani."

"Haya, Msanifu Mkuu. Ila tukianguka, tunaanguka na wewe."

Mafundi walimaliza siku mbili kabla ya muda. Asubuhi nikaenda mbio kutazama, nikakuta kufuli mlangoni. Nikamfuata meneja wa majengo ofisini.

"Hakijazinduliwa hicho," alisema. "Tunasubiri tarehe ya mgeni rasmi."

"Lakini mzee, mitihani ni mwezi ujao."

"Kwa hiyo akate utepe wa chumba chenye madoa ya wino?"

"Waruhusu hata kumi. Nitawasimamia mwenyewe."

"Viti bado vina nailoni, kijana. Nani atairudishia? Wewe?"

Niliandika barua tatu kwa uongozi wa chuo. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Subira*. Tarehe ya mgeni ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena.

Wanafunzi walihamia kwenye ngazi, mlinzi akawatimua. "Nyie kunguni, mnatoka hapa mnaingia pale!" Mchana mmoja nilimkuta mdogo wangu nje ya dirisha langu pana, amekaa juu ya tofali, daftari limejaa vumbi, jua la utosi. Alinionyesha ndani kwa kidevu.

"Viti vyako vizuri, kaka. Vinasoma vyenyewe."

Nilicheka naye. Nikarudi kwa meneja, na safari hiyo hakuninyanyulia hata macho.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Alihitaji arobaini, alipata thelathini na saba. Nilimkuta bwenini anakunja shuka, wenzake wamesimama mlangoni.

"Tukate rufaa," nilimwambia.

"Kusema nini? Kwamba sikuwa na kiti?" Alifunga zipu ya begi. "Mama mpigie wewe. Mimi siwezi."

Nikatoka nje, nikapiga. Mama alipokea kwa furaha, nikamwambia yote kwa sentensi mbili.

"Si ulisema umewajengea pa kusomea?"

"Nimejenga, mama."

"Sasa mwenzio alikuwa anasomea wapi?"

Nikasikia anawaambia watu nyumbani wanyamaze ili anisikie vizuri. Wakanyamaza.