Mtu Aliyefutwa Kando ya Dakota

Wifi yangu Aol alitaka kumzika kaka yake, nami nilikuwa sijakubali. Kaka yake ndiye mume wangu, Onen, fundi wa ndege za jeshi, aliyepanda Dakota ya mizigo pale Entebbe serikali ilipoanguka mwaka 1986, asionekane tena. Watu walisema ndege ilizama ziwani. Watu husema.

Kwao Waacholi, maiti ikikosekana huzikwa tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, na roho inatulia. Lakini mwenyewe akiwa hai, tunda likiingia ardhini naye anakufa huko aliko. Aol, kule Kitgum, alikuwa hapati usingizi. Kila akifumba macho, Onen anasimama mlangoni, hasemi. Kwangu Bukoto, hapa Kampala, hakuja hata mara moja; alijua nitamuuliza alikuwa wapi.

Mimi Umulkheir niliishia darasa la sita, lakini WhatsApp haidai cheti. Niliomba kuingia katika kundi la wapenzi wa ndege kuukuu, watu wazima kabisa, wanagombania pua ya ndege kama wenzao wanavyogombania mirathi. Nikawatumia picha ya wiki ile ya mwisho, Onen amesimama mbele ya Dakota. Nikauliza ndege hii iliishia wapi.

Wana desturi yao. Mtu akiziba ndege pichani wanamfuta kwa simu, ili waione kutoka pua hadi mkia. Kiongozi wao, Asuman wa Kawempe, alinirudishia picha ikiwa safi.

"Jjajja, sasa inaonekana vizuri," aliandika, akiniita bibi kwa Kiganda. "Yule jamaa alikuwa anaziba gurudumu."

Jamaa. Nilimtafuta mume wangu nikakuta gurudumu. Ila simu ilisahau kitu: kivuli chake kilibaki, kimelala juu ya lami, kofia na yote, hakina mwenyewe. Niliifunika simu kwa kitambaa cha meza, halafu nikaifunua. Bado kilikuwepo.

Wao hawakukiona. Waliendelea kubishana. Rangi hupakwa upya, walisema, namba hubadilishwa, lakini kiraka cha bati hubaki. Ndege hii ilikuwa na kiraka juu ya mlango, kona moja imekatwa. Ndipo Katembo, mwanachama wa Kongo, akaleta picha yake: Dakota imekaa katikati ya majani marefu kando ya kiwanja kilichoachwa, nzima, mlango wazi. Kiraka kile kile. Wazee wa pale walimwambia ilitua salama. Abiria wakashuka, wakanywa chai, wakatawanyika.

Kundi zima lilishangilia. Mimi nilikaa chini. Miaka yote hii nimekuwa mjane wa mtu aliyekwenda kunywa chai.

Aol akapiga simu kuuliza watu wa ndege wamesemaje. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kukosa usingizi.

"Ilianguka," nikamwambia.

"Wifi, usinifiche. Nikimzika mtu hai nitakuwa nimeua."

"Ilianguka ziwani. Zika, ulale."

Walizika Jumamosi. Nilikwenda, nikatupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, nikalia vizuri kuliko wote, mazoezi ninayo. Aol alilala mpaka jua likampiga usoni, wakamwamsha kwa uji.

Nilikuwa kwenye basi la kurudi Kampala Katembo aliponiandikia pembeni, nje ya kundi. Alikuwa amepita tena pale penye ndege. Karibu na kiwanja yupo mzee anayetengeneza baiskeli, mgeni wa siku nyingi, anaongea Kiswahili cha kambi za jeshi, cha Uganda. Alikuwa mzima kabisa, lakini tangu Jumamosi hainuki kitandani, na daktari haoni ugonjwa.

"Jjajja, nimwulize jina lake?"

Basi lilikuwa linavuka daraja la Karuma, maji yananguruma chini. Abiria wenzangu walichungulia madirishani. Nilingoja mpaka tukalimaliza daraja, kisha nikamjibu: jina aliache. Kwanza amwulize kama ana mke.