Chumba cha Rangi ya Papai

Mchoraji alirudisha ufunguo wa karakana ya mjini siku ileile aliyohamisha vitu vyake. Kwa miaka mingi alikuwa ameshiriki ukumbi ule na mchonga vinyago na mwandika mabango, na nafasi yake ilikuwa imekwisha kupata mtu. Kwa hiyo chumba kipya cha nyumbani kilikuwa lazima kifae. Kisipofaa, hakuwa na pengine pa kufanyia kazi, na picha aliyokuwa ameianza ilikuwa inasubiriwa.

Chumba kilikuwa cha mabinti zake. Mkubwa alikuwa ameolewa, mdogo alikuwa chuoni na hakuwa na mpango wa kurudi kulala kwenye kitanda cha utotoni. Mume wake, fundi nguo, ndiye aliyekitengeneza. Alitoa vitanda, akaziba nyufa, akafunga rafu za chupa na brashi pale ambapo mkono wa mkewe ungefika bila kunyooka sana. Hakuhitaji kuupima mkono huo. Alikuwa amekata mikono ya magauni yake yote. Mwisho akapaka kuta, na hakumruhusu kuingia mpaka rangi ilipokauka.

Alipofungua mlango, kuta zote zilikuwa na rangi ya papai lililoiva.

"Unakumbuka?" Fundi aliuliza.

Alikumbuka. Gauni la kwanza alilomshonea, kabla hawajaoana, lilikuwa la rangi hiyo. Alilijaribu mbele ya kioo cha duka, akazunguka, akasema angeweza kuishi ndani ya rangi ile. Yalikuwa maneno ya msichana mbele ya kioo. Fundi aliyachukua kama anavyochukua vipimo: aliyaweka, na wakati ulipofika akayatumia.

"Fundi, leo umenimaliza," alisema, na hakuwa anadanganya.

Picha iliyosubiriwa ilikuwa ya mama mkwe wake. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na zahanati aliyoitumikia ilikuwa inajenga wodi mpya ya wazazi. Walitaka sura yake ukutani, mahali ambapo kila mjamzito angeiona akiingia. Mama alikubali kwa sharti kwamba asifanywe kijana.

"Nikae vipi?" aliuliza siku ya kwanza. "Kama napigwa picha ya kitambulisho?"

"Kaa unavyokaa siku zote, Mama."

"Siku zote sikai. Ndiyo maana magoti yameisha."

Akakaa karibu na dirisha, kwa sababu ya mwanga na kwa sababu alitaka kuona nani anapita njiani. Stendi ya picha ilibaki kona ya ndani, kati ya kuta mbili. Mchoraji alijaribu kuisogeza, lakini mlango uliigonga. Alipoigeuza, kivuli chake mwenyewe kikaangukia kitambaa cha kuchorea. Kona ndiyo ilikuwa nafasi pekee, na hakuona ubaya wake. Mwanga ulikuwa mwingi na wa upole.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mjini alizoea kupoteza asubuhi nzima kumsubiri mchonga vinyago aache kugonga. Hapa alisikia tu redio ndogo ya Mama, iliyowekwa mapajani, na maoni ya Mama juu ya kila mtu aliyesema redioni. Uso ulijitokeza haraka: mashavu ya kahawia yenye joto, uwekundu kidogo penye mikunjo ya macho, ule mdomo wa mtu aliyewaambia wanawake wengi wasukume na hakuwa na muda wa kurudia.

Picha ilipokaribia kwisha, akaitoa uani ili wote waione.

Fundi aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Mchoraji naye aliona. Uso uliokuwa na joto chumbani ulikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji. Chini ya macho palikuwa na ukijani. Midomo ilielekea kwenye bluu.

"Huyu," alisema Mama hatimaye, "mimi ningemwita daktari."

"Mama!" Fundi alimkemea.

"Nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, mwanangu. Huyu ameshaondoka. Mmewahi kunizika, basi hata pole hamjaniambia."

Mchoraji alicheka pamoja nao, akairudisha picha ndani. Kwenye kona, uso ukawa mzima tena. Akautoa, ukafa. Akaurudisha; ukapona. Hapo ndipo alipoacha kuilaumu mikono yake.

Asubuhi, Fundi alipokwenda dukani kwake, mchoraji alichukua karatasi nyeupe, akaikunja katikati kama paa la kibanda, akaishika mbele ya stendi. Upande mmoja ulitazama dirisha, upande wa pili ulitazama ukuta. Upande wa dirisha ulikuwa mweupe. Upande wa ukuta ulikuwa papai.

Hakukuwa na fumbo zaidi ya hapo. Mama alikaa kwenye mwanga wa dirisha. Picha na kibao cha kuchanganyia rangi vilikaa kwenye mwanga uliopita kwanza ukutani. Ukuta ulimwaga wekundu na njano juu ya kila tone alilochanganya, naye akaona tone limetosha kabla halijatosha. Kila alipochora, ukuta ulimsaidia, na msaada wote huo ulibaki chumbani picha ilipotoka. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa sanaa anafundishwa kwamba kuta za mahali pa kuchorea zisiwe na rangi. Alilijua hilo. Alilijua hata siku mlango ulipofunguliwa, kama mtu anavyojua jambo na kuamua kulichungulia baadaye.

Angeweza kumwambia mumewe jioni ile. Alipanga sentensi, akazipangua. Kila moja ilianza vizuri na kuishia kwenye neno "lakini", na baada ya neno hilo kulikuwa na kuta alizozipaka mwenyewe, kwa siku zake za mapumziko, akisimama juu ya meza kwa sababu ngazi ilikuwa fupi.

Badala yake akachukua mashuka ya kijivu kabatini. Kila asubuhi Fundi akishatoka, aliyatundika kwenye kuta kwa pini, akafanya kazi. Kila jioni kabla hajarudi, akayashusha, akayakunja, akayarudisha. Mama alitazama shughuli hiyo kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Haya mashuka yanaficha nini?"

"Ni mambo ya mwanga, Mama."

"Mwanga." Mama akapunguza sauti ya redio. "Nimewahi kuona mwanamke akificha mimba kwa khanga mbili. Ilifika mwezi wa saba."

"Nitamwambia picha ikiisha."

"Mimi sijauliza kitu. Mimi nimekaa tu, nachorwa."

Umeme ulikatika mchana mmoja, na cherehani za Fundi zikasimama. Akarudi nyumbani kula. Mchoraji alikuwa akiukwangua uso wa picha kwa kisu, kuta zote zimevikwa kijivu, na hakusikia lango. Alisikia sauti mlangoni.

"Nani kafa?"

Fundi aliingia, akashika ncha ya shuka moja, akaiinua. Chini yake rangi ya papai ilikuwa na vitundu vidogo vya pini, vingi, vilivyotangulia siku ile. Alivitazama kwa muda. Ni mtu anayejua, kwa kuangalia matundu ya sindano, nguo imefumuliwa mara ngapi.

"Mama, hii imeanza lini?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni kiti tu humu ndani."

Mchoraji aliweka kisu chini. Hakutafuta sentensi tena. Alishusha mashuka mawili ya kona, akakunja karatasi nyeupe, akaishika mbele ya stendi.

"Angalia upande huu. Sasa angalia huu."

Fundi aliangalia. Aliichukua karatasi, akaigeuza, akaisogeza dirishani, akairudisha. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Dukani kwake hakuna mteja anayekubali rangi ya kitambaa akiwa ndani. Wote hukichukua mpaka mlangoni, wakakishika juani, ndipo wakasema ndiyo au hapana. Yeye mwenyewe hachagui uzi bila kutoka nje nao.

"Nilikuwa nasubiri picha iishe," mkewe alisema.

"Si ukuta," alisema Fundi. "Ukuta ni rangi tu, na juu ya rangi hupakwa nyingine. Lakini umeyaambia mashuka kabla ya kuniambia mimi."

Akaweka karatasi juu ya rafu, akaenda kula, akarudi dukani kusubiri umeme.

Kwa siku chache walizungumza kama wapangaji wenye adabu. Chai ilimiminwa, maji ya kuoga yalipashwa, hali ya mtoto wa chuoni iliulizwa na ikajibiwa. Mchoraji hakutundika mashuka, na bila mashuka hakuweza kuchora. Alikaa chumbani akitazama picha isiyo na uso. Alifikiria karakana ya mjini na mtu aliyekuwa ameshika ufunguo wake. Alifikiria pia kwamba hakuna kilichomzuia kusema ila kusema kwenyewe. Mumewe alikuwa amempa chumba. Alichokosea mumewe ni kutumia kipimo cha zamani, na ni mchoraji mwenyewe aliyekitoa na hakukirekebisha.

Walipokuwa wakila usiku wa Ijumaa, aliweka kijiko chini.

"Fundi. Nataka kupaka chumba kijivu. Nataka tukipake wote."

Fundi aliendelea kutafuna. Mama alitazama sahani yake kwa makini ya mtu anayesoma.

"Kijivu gani?" Fundi aliuliza.

"Cha kati. Kisiwe na bluu ndani yake, wala kahawia."

"Kijivu kina aina mia, Bibi Msanii. Ukienda peke yako watakupa chochote kilichobaki."

Kesho yake walikwenda pamoja. Fundi alichukua vipande vyote vya sampuli, akavitoa nje ya duka, akavipanga juu ya kifuniko cha pipa la taka, akavipunguza kimoja kimoja.

"Mzee, unachagua rangi ya nyumba au ya suti?" muuzaji alipiga kelele kutoka ndani.

"Wewe kaa humo na taa zako," Fundi alimjibu. "Ndiyo maana hata shati lako hujui kama ni jeusi."

Mchoraji aliona kwamba vipande viwili vilivyobaki ndivyo ambavyo naye angevibakisha. Wakachukua chenye weupe zaidi.

Papai halikukubali kushindwa kwa mkono mmoja. Lilichungulia chini ya kijivu cha kwanza, na ilibidi wapake tena. Jioni Fundi alisimama juu ya meza, brashi mkononi, mbele ya kipande cha mwisho juu ya mlango.

"Tuache hapa kidogo? Kumbukumbu tu."

Mkewe alifikiri. Kingekuwa kitu kizuri kusema ndiyo.

"Hapana. Hata kidogo kinarudisha mwanga."

Fundi alicheka, cheko lake la kwanza la wiki hiyo, akakifunika.

Mama aliporudi kwenye kiti chake, aligeuza kichwa pande zote. "Sasa hapa ni chumba cha kusubiria majibu ya vipimo," alisema. Lakini alikaa, akawasha redio. Mchoraji alianza uso upya. Rangi zilimsumbua. Kwenye kijivu kila kosa lilionekana papo hapo, na kazi ilikwenda polepole kuliko ilivyowahi kwenda mjini. Shavu moja lilimchukua siku nzima. Alipoitoa picha uani, aliishika mwenyewe, na hakumtazama mtu usoni.

Mama alisogea karibu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akipita kati ya vitanda.

"Huyu ana damu," alisema. "Huyu mwacheni." Kisha akaongeza, "Shingo umenizeesha, lakini tulikubaliana."

Picha ilikwenda zahanati. Mchoraji aliweka kitambaa kipya kwenye stendi, akafunga mlango, akategemea ukimya. Haukudumu. Fundi alikuwa amegundua kwamba dirisha lile, likiwa na kuta zile, lilikuwa bora kuliko mlango wa duka lake. Alianza kuja na kazi ya jioni mkononi. Mkewe alimwomba abishe hodi. Akawa anabisha, na kuingia kabla hajajibiwa.

"Hodi. Niambie, huu uzi ni mweusi au bluu?"

Mchoraji aliinua brashi kutoka kwenye kitambaa, akageuka, akautazama dirishani.

"Bluu."

"Nilijua," alisema Fundi, na hakuondoka mara moja.