Soketi ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Jumamosi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi umeme mzuri, hilo tusimnyime, ila ukimwita atakufungia kitu cha muda, akutazame machoni na kukuambia, "Ivumilie tu, Jumamosi nakuja kuimaliza." Jumamosi ipi? Hapo sasa!

Mchana huo aliingia saluni kwa mdogo wake wa kike kumjulia hali mama yao. Saluni yenyewe ilikuwa sebule ya nyumba. Mama alilala chumba cha nyuma, mirija ya oksijeni puani, mapafu yamechoka, na bila mashine ya kumpa hewa hana dakika kumi. Chumba chake hakikuwa na soketi hata moja. Umeme ulitoka ukutani sebuleni, ukapita kwenye waya wa ekstensheni uliofichwa chini ya zulia, hadi mlangoni kwake.

Fundi akavua viatu, akakanyaga zulia, akaruka.

"We dada, zulia linaunguza! Umechomeka nini hapa?"

"Nimechomeka kazi," msusi akajibu bila kugeuka. Kwenye ekstensheni ile moja kulikuwa na draya mbili, pasi ya nywele, birika la umeme, na mashine ya mama. "Tena usianze. Nilinunua ile yenye kinga. Taa yake si hiyo inawaka?"

"Kinga inazuia umeme ukipanda ghafla, haiufanyi waya kuwa mnene! Hilo birika peke yake ni mzigo. Chomoa!"

"Sichomoi ng'o! Kila ukija ni kunizimia tu, wateja wangu wanaondoka na vichwa nusu."

Fundi akainama achomoe mwenyewe. Msusi akamlamba kofi. Jamani, mkono uliosuka nywele miaka kumi si wa mchezo, fundi aliona nyota mchana kweupe. Mtu mwenye akili angemeza hasira. Yeye akarudisha, tena kwa nguvu zote, mdomo wa dada yake ukapasuka na damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mteja aliyekuwa kitini akapiga ukunga. Msusi akanyakua pasi ya nywele, ya moto vile vile, akambandika nayo shavuni. Ngozi ikaungua. Fundi akamkamata shingo, akamgongesha kichwa mezani, mara ya kwanza, mara ya pili, chupa za mafuta zikamwagika na kupasuka.

"Utamuua mama! Unasikia? Utamuua mama!"

"Niachie, mshenzi wewe!"

Watoto wa tumbo moja hao. Walipokuwa wanauana, zulia likafuka moshi, kisha likawaka puu, na pazia la mlango wa mama likashika moto. Mteja akabeba ndoo ya maji ya kuoshea nywele.

"Maji hapana! Kuna umeme!"

Fundi akamwachia dada yake, akarukia meni swichi na kuishusha. Draya zikanyamaza. Mashine ya mama nayo ikanyamaza, ikaanza kulia pi, pi, pi. Walipita kwenye moto wote wawili bila kuulizana, wakashika godoro kichwani na miguuni, wakamburuta mama hadi uani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Msusi alirudi ndani kuchukua mtungi wa akiba wa oksijeni, akatoka nao nywele zinanuka kuungua, na mikono yake iliyojaa malengelenge ikafungua koki. Mama akavuta pumzi moja. Wakasubiri. Akavuta ya pili.

Majirani walimalizia moto kwa ndoo na taulo mbichi. Fundi akaingia kutafuta ulipoanzia. Akapasua zulia. Katikati ya waya, pale palipoungua kuliko kote, kulikuwa na kiungo: nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe wa bluu. Mtaani pale utepe wa bluu alikuwa nao fundi mmoja tu. Akakumbuka. Miaka miwili nyuma waya wa ekstensheni hiyo haukufika mlangoni kwa mama, naye akaukata, akaurefusha lipualipua, akasema soketi ya chumbani atakuja kuiweka.

Alikikata kiungo kile, akatoka nacho mkononi. Msusi alikuwa amepiga magoti, mdomo umevimba, jicho limefumba.

"Nisamehe kaka," alisema akilia. "Ulinikataza, mimi kichwa ngumu. Ningemuua mama kwa mikono yangu."

Angeweza kukitia mfukoni, na nani angejua? Alifungua kiganja.

"Birika lilikuwa lako. Hiki ni changu."

Msusi akakitazama kile kipande cheusi chenye ncha ya bluu. Akainuka taratibu. Kofi la safari hii lilitua juu ya shavu lililoungua, na fundi hakuinua mkono.

Mama akasogeza mrija kidogo na kuukusanya ule uhai aliobaki nao.

"Mwongeze," alisema.