Saa Sitini za Kananu

Ni mamake aliyemwalika Kapteni Mwiti kanisani, na Kananu alipoambiwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umemwalika bila kuniuliza, mami?"

"Nikuulize nini? Si ndiye aliyekupa kazi ukiwa na leseni na huna pa kuitumia? Huendi ng'ambo kabla huyo mzee hajashukuriwa mbele ya watu."

Mamake, Ciakuthii, akishasema hivyo, basi. Hata pasta wao hapo Nkubu hathubutu kubishana naye.

Na kweli, leseni bila kazi ni karatasi tu. Kananu alisomea urubani wa helikopta Afrika Kusini, akarudi, akafanya mitihani mingine Nairobi, kisha akakaa miaka miwili akituma maombi. Kila kampuni ilitaka rubani aliyekwisha kuruka saa nyingi. Sasa jamani, utazipata wapi hizo saa kama hakuna anayekupa chopa? Ni Mwiti peke yake, rubani mkuu wa kakampuni kadogo ka kukodisha chopa, aliyemwambia, "Kuja, tutaruka pamoja."

Msimu wa kampeni ukafika, wakampeleka mheshimiwa mmoja Karurumo. Kuruka kwenyewe, kwenda na kurudi, hakukufika saa moja na nusu. Lakini mheshimiwa alihutubu, akacheza, akala mbuzi, na Kananu akashinda saa tano nzima kwenye uwanja wa shule, injini imezimwa, akifukuza watoto wasiguse mkia wa chopa. Jioni akaandika kwenye daftari lake la urubani kwamba ameruka saa sita na nusu. Si nilikuwa kazini, akajiambia. Uongo mtamu huo! Akarudia Laare, akarudia Maua, mpaka zikaingia saa sitini ambazo hakuna aliyeziruka. Kila mwisho wa mwezi Mwiti alitia sahihi bila kukagua, kwa sababu alimwamini.

Kampuni ya Papua New Guinea ilitaka saa mia tano. Mwiti akamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba anazo, naye akapata kazi ya kupeleka mizigo milimani huko, na tiketi ya Jumanne.

Halafu maofisa wa usafiri wa anga wakaja kukagua, wakalinganisha ile barua na daftari la chopa yenyewe, linaloonyesha nani aliruka na kwa muda gani. Hesabu hazikuelewana hata kidogo. Wakampigia Kananu simu, na hapo ndipo alipofanya ubaya hasa.

"Mimi huandika nilivyoambiwa na Kapteni," alisema.

Mwiti akasimamishwa kuruka uchunguzi ukiendelea, baada ya miaka thelathini angani, wala hakuambiwa ni nani aliyemtaja. Tangu siku hiyo Kananu alikuwa akirudisha sahani bila kuigusa, na mamake akadhani ni woga wa safari.

Jumapili Mwiti akaja kweli, amevaa suti ya kijivu, anatabasamu.

"Kananu! Milima ya huko ina upepo mbaya. Ujichunge."

"Na mambo yako, Kapteni?"

"Ah, labda ni macho yangu. Nilijumlisha vibaya nikiwa nimechoka. Kosa ni langu, binti, wewe nenda." Afadhali angemtukana.

Wakaitwa mbele, wakapiga magoti bega kwa bega. Ciakuthii akashika maikrofoni na kumwombea bintiye, kisha akapandisha sauti kumwombea Mwiti, maana alikwisha kusikia amesimamishwa. "Baba, kuna mtu amemchongea huyu mtumishi wako! Mfichue, Baba, hata awe nani! Na watu wote waseme?"

"Amina!" kanisa likajibu.

Mamake akamwinamia Kananu. "Sema amina, mwanangu."

"Siwezi, mami. Ni mimi."

Maikrofoni ilikuwa juu, mbali na mdomo wake, na sauti yake ilikuwa ndogo hata mamake hakuisikia vizuri. Akina mama wakaona machozi tu, wakadhani anaona uchungu kuondoka kwao, wakaanza kumwimbia na kumpigia makofi. Ciakuthii naye akaimba. Aliyesikia ni Mwiti.

"Umesemaje?"

"Zile saa niliziongeza mimi. Nikawaambia maofisa ni wewe uliniambia niandike. Nitawaandikia, Kapteni. Nitawaambia ukweli."

"Lini?"

Kananu akafikiria tiketi ya Jumanne. "Nikishafika huko..." akaanza, kisha akaona jinsi mzee anavyomtazama.

Mwiti alisimama polepole, akajipangusa magoti, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Kapteni, unaenda wapi?" Ciakuthii akaita kwenye maikrofoni, anacheka. "Chakula kiko tayari! Jamani, mzuieni mgeni wetu!"

Wanaume wawili wakasimama mlangoni, wakimcheka Mwiti kirafiki na kumrudisha kwa mikono. Kananu akainuka, akaichukua maikrofoni mkononi mwa mamake.

"Mwacheni," akasema. "Kwanza nisikilizeni mimi."