Karani Aliyejua Kiswahili

Kokila alizaliwa Kyaka, pale barabara ya Bukoba inapovuka mto Kagera. Baba yake alinunua kahawa kwa wakulima na kuwauzia vitambaa. Nyumbani Kokila alisema Kigujarati, dukani Kihaya, na kwa mtu mwingine yeyote Kiswahili. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, ghorofa ya baba yake pale Bukoba mjini ilikwenda nayo. Mzee hakuinuka tena kitandani. Baada ya kuichoma maiti yake, Kokila na mumewe Ramesh walipanda ndege na binti yao mdogo, Hansa, wakaja London, wakapanga vyumba viwili Tooting juu ya duka la mboga ambako Ramesh alipata kazi.

Kokila mwenyewe aliajiriwa Stratford, upande wa pili wa mji, katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo. Mwenye kampuni alikuwa Bi Margaret, mjane wa Kiingereza aliyeachiwa biashara na mumewe. Kazi ya Kokila ilikuwa kupiga taipu orodha za mizigo. Mizigo mingi ilikwenda Entebbe: mablanketi, pombe kali, redio, sabuni za kunukia za wake wa wakubwa. Hakuipenda kazi hiyo, hasa tangu Uganda ilipowafukuza Wahindi wake, lakini alipiga taipu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda liliingia Tanzania na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Kagera. Kokila alizisikia habari hizo redioni, mikono yake ikiwa kwenye unga wa chapati. Daraja la Kyaka, alilovuka kila siku kwenda shule, lililipuliwa. Wiki tatu baadaye rafiki yake Elieshi, Mchaga aliyekuwa muuguzi huko Edmonton na ambaye zamani alifanya kazi hospitali ya Bukoba, alikuja Jumapili na barua kutoka huko. Hakutaka kuisoma kwa sauti, akampa aisome mwenyewe. Bibi Kokugonza, jirani aliyemlea Kokila mama yake alipokuwa mgonjwa, alikataa kuiacha migomba yake. Askari walimpiga risasi shambani.

Kokila aliikunja barua akairudisha. Hakulia mbele ya mgeni. Hansa alimuuliza kwa Kiingereza kuna nini, naye akamjibu kwa Kiswahili kwamba bibi yake mmoja ameuawa.

Jumatatu iliyofuata wanaume wawili kutoka Kampala walifika ofisini Stratford. Mmoja alikuwa mnene mwenye sauti ya upole; mwenzake, mwembamba, alimwita Meja ingawa alivaa suti. Walizungumza na Bi Margaret kwa Kiingereza, kisha wakakaa kando ya meza ya Kokila kusubiri karatasi zao. Hapo wakaanza kusemezana kwa Kiswahili, kile cha kambini, cha maneno machache. Yule mwembamba aliuliza kama ni salama kusema mbele ya karani.

"Huyu Mhindi hapana jua kitu," Meja akamjibu. "Huyu ni wa hapa hapa."

Kokila hakuinua kichwa. Aliendelea kugonga herufi, vidole vyake vikifanya kazi moja na masikio kazi nyingine. Makasha yaliyoandikwa vipuri vya matrekta hayakuwa ya matrekta. Ndani mlikuwa na mitambo ya redio ya jeshi na gia za magari ya deraya, na mengine mia mbili yangefuata kabla ya Krismasi, kwa ndege tatu, siku walizozitaja moja moja.

Jioni ile, badala ya kutupa karatasi za kaboni zilizotumika, alizikunja akaziweka ndani ya sanduku lake la chakula, chini ya mfuniko. Ukiziinua kwenye mwanga, kila neno alilopiga taipu lilisomeka. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, aliandika yale aliyoyasikia.

Ramesh alipoziona alikasirika. Alimkumbusha ghorofa ya Bukoba, na jinsi baba yake alivyokufa akiulizia funguo. Alitaka kujua watu wa serikali ile wamewahi kumfanyia nini hata awahatarishie kazi na mtoto.

"Ghorofa ni ugomvi wangu na serikali," Kokila alisema. "Nitaugomba mpaka nife. Lakini Kyaka ni kwetu, na Bibi Kokugonza si serikali."

Ramesh alizigeuza karatasi moja moja. Kisha akasema sanduku la chakula watu hulifungua, afadhali azishonee ndani ya bitana ya koti. Alimshonea yeye mwenyewe, maana mkono wake wa sindano ulikuwa mzuri kuliko wa mkewe.

Elieshi alisali kanisa moja na Mtanzania aliyeitwa Francis, kijana wa miaka thelathini, mtanashati, ambaye hakuna aliyejua hasa anafanya kazi gani. Elieshi alimwuliza waziwazi kama anajua pa kuzipeleka karatasi za namna ile. Alijua. Kuanzia hapo, kila Ijumaa saa ya chakula cha mchana, Kokila alikaa na Francis kwenye benchi la kituo cha Stratford kama watu wasiojuana, akimwachia gazeti lenye karatasi ndani. Alifanya hivyo wiki tatu. Francis alitaka kumlipa akakataa. Alimwomba achague jina la siri, akamwambia jina lake linatosha.

Katikati ya Desemba maofisa wa forodha waliyafungua makasha uwanja wa ndege, wakakuta kisichoandikwa. Ndege ya pili haikuruka. Siku iliyofuata Meja na mwenzake waliingia ofisini bila kubisha hodi. Bi Margaret aliwakuta wanapekua makabati, akawaambia waache, nao wakamtaka awaambie ni akina nani waliogusa karatasi zao. Alitaja watatu: yeye mwenyewe, Kokila, na Zephaniah, dereva wa lori. Akaenda chumba cha pili kutafuta daftari la zamu.

Zephaniah alikuwa nje, anapakia. Alikuwa mzaliwa wa Tororo, mtu wa maneno machache, na Kokila hakuwahi kumwambia lolote. Wale wawili wakarudi kwenye Kiswahili chao. Mwembamba alisema wamwanze karani. Meja alitikisa kichwa.

"Muache huyo. Ni dereva. Mama yake yuko Tororo, na ndugu zake. Leo napiga simu, kesho watu wetu wanafika nyumbani kwake. Atasema tu."

Kokila alimweleza Elieshi baadaye kwamba wakati ule hakufikiri kabisa. Angeweza kunyamaza, na kwa kunyamaza angetoka salama. Alichokumbuka ni kwamba kiti chake kilipiga kelele aliposimama.

"Dereva mwacheni," alisema kwa Kiswahili. "Hajui chochote. Ni mimi."

Meja aligeuka taratibu. Alimtazama kama mtu aliyesikia kabati likisema.

"Mimi ni mtu wa Kyaka," Kokila aliendelea. "Mliyoyasema hapa tangu Novemba nimeyasikia yote, na nimeyapeleka yote. Majina yenu pia. Mama wa Zephaniah akiguswa, itajulikana ni nani aliyepiga simu na siku gani."

Mwembamba alimsogelea akiwa ameinua mkono. Kokila hakurudi nyuma. Bi Margaret, aliyesikia sauti zimepanda, alitoka na simu mkononi, waya ukiburuzika, akawaambia wanaume hao kwamba anaita polisi sasa hivi. Waliondoka. Meja alipofika mlangoni alisema London si mbali kama Wahindi wanavyodhani. Kokila akamjibu kwamba Kyaka pia si mbali, ataona.

Bi Margaret alimfukuza kazi siku hiyo hiyo. Alisema hakujua ndani ya makasha mna nini. Kokila alimwambia kwamba hakujua kwa sababu hakuuliza, akachukua koti lake. Nje alimweleza Zephaniah kila kitu. Zephaniah alikimbilia simu, na ndani ya siku tatu mama yake alikuwa amevuka mpaka, yuko kwa jamaa Busia ya Kenya.

Aprili Kampala ilianguka. Kokila hakupata kujua kama karatasi zake zilisaidia kitu vitani au la. Alikuwa amepata kazi ya muda maktaba ya Tooting, na siku ile alipika pilau, akamwita Elieshi, wakala.

Mwezi wa Mei Francis alimtembelea. Alileta maua. Alisifu ujasiri wake, kisha akasema kuna jambo jingine dogo. Jirani wa Kokila, nyumba ya tatu, alikuwa Mzanzibari aitwaye Abdulwakil, mwalimu aliyekimbia baada ya Mapinduzi na ambaye sasa alikata tiketi stesheni. Kila Jumapili alasiri Wazanzibari walikusanyika sebuleni kwake. Walisoma hitma, kisha wakaandika majina ya ndugu zao waliochukuliwa mwaka ule wa sitini na nne wasionekane tena. Francis alitaka kujua ni akina nani wanaokuja na wanasema nini. Kokila anawajua, alisema, na hakuna atakayemshuku.

Kokila aliyaweka maua mezani.

"Nilikuletea habari za watu waliovuka mto na bunduki," alisema. "Huyu mzee amevuka nini?"

Francis alisema vita haviishi pale risasi zinapoisha. Akaongeza, kwa upole, kwamba mtu mwenye madai ya ghorofa Bukoba angehitaji marafiki.

"Basi ghorofa ikae huko huko," Kokila alisema. "Na wewe chukua maua yako."

Alipotoka tu, Kokila alishuka ngazi akaenda nyumba ya tatu. Alimkuta Maalim Abdulwakil anapiga pasi sare yake ya kazi. Alimweleza yote, hata ya benchi la Stratford. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauzima umeme wa pasi.

"Bi Kokila, ahsante. Lakini mie sina cha kuficha. Majina yale nataka yasikike," alisema. "Jumapili njoo na mumeo."

Walikwenda, na Elieshi naye akaja kutoka Edmonton. Mapazia yalikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari la kijivu, na ndani yake Francis, gazeti usoni. Watu walipomwona, sauti zilipungua, na mama mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Kokila alitoka nje. Alivuka barabara, akagonga kioo cha gari mpaka kikashushwa.

"Chai ipo, na nafasi ya kukaa ipo," alimwambia. "Ukitaka kusikia, ingia usikie ukiwa umekaa na wenzio. Na kama una ndugu aliyepotea, jina lake nalo litasomwa."

Francis alifunga kioo, akawasha gari, akaondoka kwa kasi hata akasahau kuwasha taa ya kukata kona. Kokila alirudi ndani, akamwambia yule mama avue viatu vyake tena, akaketi mbele kabisa karibu na dirisha. Maalim Abdulwakil alivaa miwani. Alianza kusoma majina kwa sauti kubwa, na hakuipunguza mpaka la mwisho.