Trela Isiyoonekana Kiooni

...na magoti yangu yanagusa mlango, hilo nalo ningeliandika kama ningekuja na kalamu, maana kila mstaafu anayekwenda kununua gari-nyumba ameshaambiwa na waliomtangulia, usisaini chochote kabla hujalala kitandani, hujasimama jikoni ukajifanya unakaanga mayai, hujakaa chooni na mlango umefungwa, basi nimekaa, kifuniko kimeshushwa, nguo zangu zote mwilini, mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwalimu wa fizikia miaka thelathini na mmoja, nimejifungia kwenye choo cha gari lililoegeshwa uwanjani kwa muuzaji hapa Sioux Falls, upepo wa Oktoba unalisukasuka, na nyuma ya ubao huu mwembamba kama biskuti mume wangu Royce anamuuliza muuzaji swali lile lile, "Sasa hili, pikipiki yangu litaivuta?" Mara ya nne. "Litaivuta bila wasiwasi, bosi wangu, ratili elfu tano unazitundika hapo nyuma na wala halihemi," mara ya nne na sauti yake bado haijachacha, Mungu ambariki, Kip jina lake, baba mzima mwenye masharubu na goti bovu, nusu saa iliyopita ameniambia meza ya jikoni ni ya marumaru, nikaigonga kwa ukucha, nikamwambia plastiki hii, akacheka, "Mama, wewe nakuogopa," na Royce akamwambia, "Karibu chamani, mimi namwogopa tangu mwaka sabini na nane"... hilo analikumbuka, mwaka sabini na nane anaukumbuka hadi rangi ya soksi, kinachompotea ni Juni, Juni ya mwaka huu, Jumanne ile ndugu yake alipomchukua wakavue samaki ziwani na mimi nikamfungulia gereji mtu wa mji wa Mitchell aliyekuja na mbao zake za kupandishia, akaipakia pikipiki, akaifunga kamba, akaondoka nayo. Haipo. Tunachagua gari la kuvuta kitu ambacho hakipo, na wa kulisema hilo ni mimi peke yangu, na mimi nimekaa chooni. "Na breki?" anauliza Royce. "Trela ina breki zake, bosi," ...kwa nini niliiuza, najiuliza mwenyewe, usinianze, Marlys, unajua kwa nini, kwa sababu Mei alitoka na pikipiki kwenda kununua maziwa, wakampata baada ya saa saba nzima kule Valentine, Nebraska, jimbo jingine, kwenye kituo cha mafuta, amekaa na yule mama muuzaji anakula mkate wa tufaha, anamsimulia kwamba mkewe yuko nyuma anafunga kofia, anakuja sasa hivi, na yule mama akaniambia kwenye simu, dada, amekusubiri tangu saa nane... nikaiuza. Na nikamwambia, mimi siyo kama watu wa kanisani kwetu wanaokuletea bakuli la tambi na samaki na kukwambia Mungu ana mpango wake, mimi nilimketisha mezani jikoni nikamwambia Royce, nimeiuza, daktari amesema hupandi tena. Akauliza kama huyo mtu ana gereji, isije ikanyeshewa. Kisha akalia, mwanamume ambaye nilimwona akilia siku moja tu, na siku hiyo mama yake alikuwa ndani ya jeneza. Baada ya siku kumi na moja akaenda gereji, akarudi mweupe, "Mwalimu, wameiba pikipiki," nikamwambia tena, ukweli ni ukweli, simfanyi mtoto, akalia tena, upya kabisa, machozi ya mara ya kwanza. Mara ya tatu kanisani, baada ya ibada, vikombe vya kahawa mikononi, akamwalika mchungaji waende milimani na pikipiki kiangazi, na mimi, na mdomo wangu huu, mbele ya watu, nikasema haipo, Royce, tulishaongea, na nilimwona akitazama watu wote mle ndani, mmoja mmoja, kuona nani mwingine alikuwa anajua... namuua mtu yule yule kila wakati na kila mara najiita mkweli. "Uzito wake umeuandika?" sauti ya Kip, na karatasi inakunjuliwa, ile orodha, kwa sababu gari-nyumba lina kibandiko cha njano mlangoni kinachokwambia mwisho wa mzigo wako, na mtu mwenye akili anapima kila kitu nyumbani kabla hajaja, maji, vyombo, mablanketi, na Royce alikaa siku mbili na mizani ya bafuni, amepima hadi sufuria ya kahawa, akaandika pikipiki ratili mia nane na thelathini, Royce mia moja tisini na mbili, Marlys mia moja na ishirini na sita, ambao ulikuwa uzito wangu siku ya harusi, sikumsahihisha, mara ya kwanza maishani naona kosa kwenye karatasi nalipita kimya, na mpaka sasa sijui kama ni adabu yake au ndiko aliko, siku ile ya harusi. "Mkeo mwepesi," anasema Kip. "Usiseme kwa sauti, mlango huo ni karatasi," anasema Royce, wanacheka wote wawili, na mimi nacheka humu, kisha siyo kicheko tena, navuta karatasi ya choo, hata karatasi hawakuweka, kuna bomba tu la kadibodi la maonyesho... nifungue mlango niseme. Dakika moja. Kip, bwana, hatuna pikipiki, tuonyeshe lile dogo la pale mwisho, rahisi kuendesha, maana dereva ni mimi, leseni yake imechukuliwa, nataka tu kumpeleka magharibi kwenye barabara zetu kabla hazijamfutika, daktari alisema kumbukumbu za zamani ndizo zinakaa hadi mwisho. Niseme, na atalia hapa, uwanjani, mbele ya masharubu ya mtu. "Ila kitu kimoja, bosi, namwambia kila mteja," anasema Kip, "trela ya pikipiki nyembamba, gari pana. Ukiwa kwenye usukani huioni. Kioo cha kushoto hamna, cha kulia hamna. Nina mteja iling'oka Wyoming, kaendesha maili sitini hana habari, anafika kambini, anashuka, nyuma peupe." "Hakuhisi?" "Tani saba hizi zihisi nini?" Sahihi, hazihisi, ningempa maksi zote, maili sitini yule bwana alikwenda na pikipiki yake, kila maili ilikuwepo, anapiga mluzi, imempotea pale aliposhuka tu... na mimi miaka yote ile nilikuwa wapi kama si nyuma yake pikipikini, nchi hii nimeiona yote juu ya bega lake la kulia, Badlands, Wyoming, mvua ya mawe pale mji wa Wall, hakuniona hata maili moja, alikuwa anashusha mkono wa kushoto ananigonga goti, mara mbili, upo?, nami namgonga ubavu, nipo, hakugeuka kamwe, hakudai ushahidi. Pale langoni kuna trela za sanduku, nyeupe, zenye kifuniko na kufuli, kilichomo hakionekani, nimezipita asubuhi bila kuzitazama. Tupu itarukaruka barabarani, fizikia ile ile, itabidi niipakie mzigo, magunia ya mchanga wa choo cha paka, ule ule niliomwagia doa la oili gerejini hadi likafutika. Na jioni kambini atasema tuishushe, Mwalimu, tuzunguke kidogo, nitasema kesho, leo upepo, na huku kwetu upepo haujawahi kumnyima kisingizio anayekitafuta, na mtu aliyenyang'anywa jana zake, kesho walau ni yake, kila siku mpya... miaka thelathini na mmoja nimekata maksi kwa majibu ya kubuni, na sauti yangu hii itaweza? "Kwa hiyo wengi wanaweka kamera nyuma," anasema Kip, "una kioo kidogo hapo mbele, unaiona pikipiki yako muda wote, roho inatulia. Niwawekee?" Sakafu inalia, hatua za Royce, anaburuta mguu wa kulia, anasimama. Kwenye mlango, chini, usawa wa magoti yangu, vidole vinagonga mara mbili. "Mwalimu, upo?" Naweka kiganja kwenye ubao, pale pale, nagonga mara mbili. "Nipo." "Jamaa anauliza kamera, ya kuitazama pikipiki huko nyuma." "Mwambie hapana," nasema, na sauti inatoka bila kutetemeka, "mwambie tunajua ipo."